Vigezo vya Kupima Nguvu ya Karata ya Ushindani: Mfano wa Magic: The Gathering

Utangulizi

Mtu anayecheza karata za kawaida hana haja ya kuzikadiria thamani. Bunda lina karata 52, wachezaji wote hugawiwa kutoka katika bunda hilo moja, na kanuni zimekwisha kuamua ipi ni kubwa na ipi ni ndogo. Hali ni tofauti katika michezo ya karata za kukusanya na kubadilishana. Mchezo uliofungua njia ya aina hii ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Katika mchezo huu, kila mchezaji hujiundia bunda lake mwenyewe kutokana na maelfu ya karata zilizokwisha kuchapishwa. Kwa hiyo, kabla ya kucheza hana budi kuchagua, na kuchagua ni kupima. Makala haya yanadhamiria kueleza vigezo vya upimaji huo na kuonyesha kwa nini hata wajuzi wa mchezo hukosea.

Misingi ya Mchezo

Kwa kawaida wachezaji wawili hukabiliana, kila mmoja akiwa na alama 20 za uhai, na azma ya kila mmoja ni kuzimaliza alama za mwenzake. Bunda la mashindano huwa na karata zisizopungua 60. Karata yenye jina moja haiwezi kuzidi nakala nne, isipokuwa ardhi za msingi. Mchezaji huanza na karata saba mkononi, na katika kila zamu huvuta moja na kuweza kuteremsha ardhi moja. Ardhi ndizo zinazozalisha mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine. Hivyo basi, kuna rasilimali tatu zilizo adimu: karata, mana na muda. Karata hupimwa kwa jinsi inavyozitumia au kuzizalisha rasilimali hizo.

Gharama na Faida

Kigezo cha kwanza ni kulinganisha kinacholipwa na kinachopatikana. Toleo la kwanza la mwaka 1993 lilikuwa na karata tano zinazofaa sana kwa mafunzo haya. Zote zililipiwa mana moja, na zote zilijengwa juu ya namba tatu. Ancestral Recall ilimvutisha mchezaji karata tatu. Dark Ritual ilizalisha mana tatu. Lightning Bolt ilimpiga mpinzani au kiumbe kwa pigo la alama tatu. Giant Growth ilimwongezea kiumbe tatu za nguvu na tatu za ustahimilivu hadi mwisho wa zamu. Nayo Healing Salve ilirejesha alama tatu za uhai au kuzuia madhara ya kiasi hicho.

Kwa macho, karata hizi zinalingana. Katika uwanja wa mashindano, zimetengana kama mbingu na ardhi. Ancestral Recall ilidhihirika kuwa miongoni mwa karata zenye nguvu zaidi katika historia ya mchezo. Katika mtindo wa Legacy imepigwa marufuku, na katika mtindo wa Vintage huruhusiwa nakala moja tu kwa kila bunda. Lightning Bolt imetumika kwa miongo kadhaa. Healing Salve, kwa upande wake, ni nadra mno kuonekana mashindanoni. Sababu ni kwamba anayetumia Ancestral Recall hutoa karata moja na kupata tatu, ilhali anayejiponya alama tatu ameitoa karata yake bila kukiondoa kilichomjeruhi. Adui angali pale, na zamu ijayo atampiga tena. Namba ni ile ile, lakini kinachohesabiwa si kile kile.

Muda na Uwezekano wa Kupatikana

Kigezo cha pili ni muda. Karata ya kutisha inayohitaji mana nane haina faida kwa mtu aliyeshindwa katika zamu ya tano. Aidha, karata hainufaishi ikiwa haijafika mkononi. Hesabu inaonyesha kuwa mwenye nakala nne katika bunda la karata 60 ana uwezekano wa takribani asilimia 40 wa kuipata angalau nakala moja katika karata saba za mwanzo. Akishaona karata 10, uwezekano huo hufikia takribani asilimia 53. Mbinu inayotegemea karata moja pekee, kwa hiyo, inategemea bahati.

Uhusiano na Karata Nyingine

Kigezo cha tatu ndicho kigumu zaidi. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure aliifananisha lugha na sataranji, akionyesha kuwa thamani ya kete hutokana na nafasi yake miongoni mwa kete nyingine. Ndivyo ilivyo hapa. Necropotence, iliyotolewa mwaka 1995, humzuia mwenyewe kuvuta karata yake ya kila zamu, lakini humruhusu kununua karata kwa kulipa alama moja ya uhai kwa kila moja. Wengi waliidharau kwa kuona hasara tupu. Kufikia mwaka 1996, mabunda yaliyojengwa juu yake yalitawala mashindano. Waliokuwa wameielewa walitambua kuwa alama ya uhai inayoamua mchezo ni ile ya mwisho. Zilizotangulia ni mali ya kutumiwa.

Funzo kali zaidi lilitolewa na Skullclamp mwaka 2004. Kifaa hiki hugharimu mana moja, na kukivisha kiumbe hugharimu mana moja nyingine. Humwongezea kiumbe moja ya nguvu na kumpunguzia moja ya ustahimilivu, na kiumbe huyo akifa mchezaji huvuta karata mbili. Kipunguzo kile kilionekana kama dosari. Kumbe kiumbe mdogo mwenye ustahimilivu wa moja hufa papo hapo akivishwa, na mchezaji hubadilisha kiumbe hafifu kwa karata mbili. Mdharau mwiba mguu huota tende: katika muda mfupi mabunda yakawa ama yana Skullclamp, ama yameundwa kuipinga. Juni 2004 ilipigwa marufuku katika mtindo wa Standard. Karata isiyokwepeka huua uchaguzi, na uchaguzi ukifa, mchezo umekufa.

Mazingira ya Ushindani

Kigezo cha mwisho ni wapinzani. Karata ya kuvunja vifaa ni silaha bora mbele ya mwenye vifaa, na ni karatasi tupu mbele ya asiyekuwa navyo. Ndiyo maana mchezaji huruhusiwa akiba ya karata 15 za kubadilishia baada ya mchezo wa kwanza wa pambano.

Hitimisho

Imebainika kuwa nguvu ya karata haisomwi katika maandishi yake pekee. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Anayepima hana budi kuuliza maswali manne: inagharimu nini, itafika lini, itafanya kazi na nani, na itakabiliana na nani? Hata baada ya kuyajibu, hukumu yake ni makisio tu hadi karata ichezwe. Waliounda Skullclamp walikuwa mabingwa wa fani hiyo, lakini hatari yake ilidhihirika ilipokuwa imekwisha kufika mikononi mwa wachezaji.