MRI ya ini: Usione haya kusema pumzi haikutoshi



Nilipata kumhudumia mzee mmoja aliyeishi na homa ya ini aina ya B kwa miaka mingi. Altrasaundi ilionyesha doa dogo katika ini lake, akapelekwa hospitali kubwa kwa kipimo cha MRI. Ripoti ikarudi ikisema picha hazisomeki vizuri kwa sababu ya mtikisiko. Mzee akashangaa: "Mwanangu, mbona nililala kama maiti?" Nilipomuuliza habari ya pumzi, akakiri kwa haya kwamba kila alipoambiwa aizuie, alifika nusu ikamshinda, akahema kimyakimya. Hakutaka kuwasumbua watu. Ikabidi arudi kupima tena, kwa nauli nyingine na siku nyingine za wasiwasi.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike makala hii, kwani wengi wetu hatujui kwamba katika kipimo hiki pumzi ya mgonjwa ni sehemu ya kazi.

Kwa nini pumzi iharibu picha?

MRI haitumii mionzi kama eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio. Kazi ya kuigeuza elimu hiyo kuwa picha ndiyo iliyowapa Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003.

Picha ya MRI haichukuliwi papo hapo kama ya kamera. Mashine hukusanya taarifa kidogo kidogo, kwa sekunde au hata dakika kadhaa. Nalo ini limekaa chini ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi linashuka, ukiitoa linapanda. Hata katika kupumua kwa kawaida huweza kusogea sentimita moja hadi mbili. Kwa hiyo uvimbe wa sentimita moja unaweza kupotea ndani ya ukungu, au kingo za ini zikajirudia picha nzima kama vivuli. Na kwa mwenye homa ya ini sugu, uvimbe mdogo ndio tunaotaka kuuona mapema, kabla saratani haijakua.

Njia nne na ubora wake

Kwanza, kuzuia pumzi. Mgonjwa huambiwa atulie bila kupumua, mara nyingi kwa sekunde 10 hadi 20. Akiweza, picha hutoka safi sana. Njia hii hutegemewa hasa baada ya sindano ya dawa ya kung'arisha picha, kwa sababu saratani ya ini mara nyingi hung'aa kwa muda mfupi damu ya mshipa mkuu inapofika, kisha hufifia. Muda huo ukipita, umepita. Ama pumzi ikikatika njiani, picha huharibika.

Pili, mashine kuifuata pumzi. Mgonjwa hupumua kawaida, huku mkanda tumboni au mashine yenyewe ikiangalia mwendo wa kiwambo na kuchukua picha pale pumzi inapotulia. Picha huwa nzuri, lakini huchukua dakika kadhaa. Aidha, anayepumua ovyo ovyo huichanganya mashine.

Tatu, picha za haraka. Kila kipande cha ini hupigwa kwa muda usiofika sekunde moja, hivyo mtikisiko haupati nafasi. Hasara yake ni kwamba uvimbe mgumu huweza usijitenge vizuri na nyama ya ini, na iwapo mgonjwa anapumua, sehemu fulani huweza kurukwa.

Nne, kupumua huru. Taarifa hukusanywa kwa mistari inayopita katikati, mfano wa spoku za baiskeli. Mtikisiko hausababishi vivuli vizito, bali michirizi hafifu na ukungu kidogo. Kwa anayeweza kuzuia pumzi, njia hii kwa kawaida haiishindi ile ya kwanza. Lakini kwa asiyeweza, kama mtoto, mzee au mwenye maji tumboni, ni bora mno kuliko pumzi iliyokatika. Udhaifu wake ni kuwa huchukua muda mrefu zaidi, hivyo bila programu maalumu huweza kuukosa ule muda mfupi wa dawa.

Hivyo basi, hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Bora ni ile inayolingana na pumzi ya mgonjwa, na si kila mashine ina njia zote.

Ufanye nini?

Kabla ya kuingia, mweleze mtaalamu ukweli: una pumu, kikohozi, maji tumboni, au husikii vizuri. Omba mfanye mazoezi ya kuzuia pumzi kwanza. Aliyepita madrasa anajua kupanga pumzi ili aya isimkatikie pasipo na kituo. Hapa pia ni kujipanga. Vituo vingi humtaka mgonjwa atoe pumzi kisha atulie, kwani hapo ini hurudi karibu mahali pale pale kila mara. Fuata uliloambiwa, na ufanye vilevile kila safari.

Pumzi ikikushinda, usifiche. Sema, au bonyeza kengele utakayopewa mkononi. Kina mama, toeni pini za mtandio, na mwenye hirizi ya bati aivue. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo au chuma mwilini aseme mapema.

Yule mzee mara ya pili alisema ukweli, akapigwa picha akiwa anapumua. Doa likaonekana wazi: ni kifuko cha maji tu, si saratani.

Wabillahi tawfiq.