Weusi wa Udongo Usitudanganye

Wanachama wenzetu wa Ole, twaujua sote udongo mweusi wa chini ya mikarafuu, ulioshiba majani yaliyooza. Humo mizizi na vijidudu hutoa vimeng'enya. Kimoja, fosfatasi, huifungua fosforasi iliyomo katika majani hayo, mti ukapata kuitumia.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Iowa, Marekani, Tabatabai na Bremner, walieleza namna ya kukipima. Gramu 1 ya udongo hutiwa dawa isiyo na rangi, ikakaa saa nzima katika joto la digrii 37. Kimeng'enya huikata dawa ile, na ikishatiwa soda kali hutoka rangi ya manjano. Manjano ikikolea, kimeng'enya kina nguvu.

Lakini soda hiyo huutoa na weusi wa mboji, na chombo huuhesabu pamoja na manjano. Mtu aweza kuambiwa shamba lake lina nguvu, kumbe ni rangi tu! Ndiyo maana udongo uleule hupimwa mara ya pili, dawa ikitiwa baada ya soda, na rangi hiyo ikatolewa katika hesabu. Mkipeleka udongo kupimwa, ulizeni habari ya kipimo hicho cha pili. Wala msiuanike juani kwanza; ukikauka, kipimo hubadilika.