Kamera iko Wete, wewe uko Muscat: kwa nini haifunguki?

Tuseme hivi. Bi mkubwa anaishi peke yake Limbani, Wete. Wewe uko Muscat, au Dar es Salaam, na ulipokwenda kumtazama ulimfungia kamera ndogo ukumbini, ukaiunga na ruta. Pale pale nyumbani ulifungua simu, ukaandika 192.168.1.20, picha ikaja safi. Umerudi kazini, unaandika namba ile ile, hakuna kitu. Umekaa na mdogo wako kwenye simu saa nzima abadilishe mipangilio ya ruta, bado hakuna kitu. Na bi mkubwa ameshaanza kuuliza: "Hilo dude mlilonibandikia ukutani kazi yake nini?"

Kabla hujanunua ruta mpya, hebu soma hapa. Mara nyingi ruta haina kosa lolote. Swali la kwanza ni hili: nyumba hii ina anwani yake yenyewe kwenye intaneti, au inatumia ya pamoja na watu wengine?

Sanduku la posta la skuli

Fikiria barua zinavyofika kwetu. Wengi hawana sanduku la posta lao, wanatumia S.L.P. ya skuli au ya ofisi. Barua ikifika, mwalimu anasoma jina juu ya bahasha, anamwita mwenyewe. Bahasha isiyo na jina inabaki mezani.

Ruta ndiyo mwalimu huyo. Ndani ya nyumba kila kifaa kina namba yake. Namba hizo huanza na 192.168, au 10, au 172.16 hadi 172.31, na zimetengwa tangu miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu. Nyumba ya jirani nayo inaweza kuwa na 192.168.1.20 yake. Ndiyo maana ukiiandika ukiwa Muscat haikupeleki Wete hata kidogo.

Kwa nje, nyumba nzima huonekana kwa anwani moja. Simu ya ndani ikiomba ukurasa, ruta inakumbuka nani kaomba, na jibu likija inampa. Lakini wewe ukibisha hodi kutoka nje, ruta haijui ikupeleke kwa nani, inakuacha mlangoni. Kwa hiyo watu huiandikia ruta agizo: "Anayekuja kwa poti namba fulani, mpeleke kwa kamera." Poti ni namba tu inayosema ni huduma gani inatafutwa. Agizo hilo ndilo alilohangaika nalo mdogo wako.

Sanduku ndani ya sanduku

Tatizo ni kwamba anwani hazitoshi. Anwani za mfumo wa IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu duniani kote. Februari 2011 hazina kuu ya dunia ilitoa mafungu yake ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda. Letu la Afrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius, na tangu Januari 2020 limekuwa likigawa kwa vipimo vidogo vidogo.

Kampuni zifanyeje? Nyingi, hasa za simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mpango huo unaitwa CGNAT. Yaani sanduku la skuli yako nalo limo ndani ya sanduku la wilaya. Agizo uliloandika kwenye ruta yako linaweza kuwa sahihi kabisa, lakini mgeni anakwama kwenye mlango wa kampuni. Kwako hafiki.

Pima kwa mpangilio huu

1. Aliyeko nyumbani afungue ukurasa wa ruta na kutafuta anwani iliyoandikwa WAN. Kisha, kwa waifai hiyo hiyo, afungue tovuti yoyote inayoonyesha anwani yako ya IP. Zikifanana, anwani ni ya nyumba yenu. Zikitofautiana, kuna mtu katikati. Ikiwa ile ya WAN imo kati ya 100.64 na 100.127, hiyo ni CGNAT. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo. Ikianza na 192.168 au 10, angalia kama mna ruta mbili zilizofuatana, ya kampuni na mliyonunua wenyewe. Kama ni moja tu, katikati ni kampuni.

2. Zikifanana, jaribu ukiwa nje kweli. Zima waifai, tumia data ya simu. Ruta nyingi hazikubali mtu aliye ndani atoke nje kisha abishe hodi kwake mwenyewe, kwa hiyo jaribio la ndani linaweza kukudanganya.

3. Angalia kama kamera imehama. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa huomba namba upya. Kamera iliyolala na 20 inaweza kuamka na 23, na agizo lako linampeleka mgeni kwenye televisheni. Dawa yake ni kuiambia ruta iiwekee kamera namba yake maalumu.

4. Angalia kama anwani ya nje imebadilika. Kampuni nyingi hutoa anwani ya muda, na ruta ikizimwa na kuwashwa unaweza kupewa nyingine. Hapa hutumika huduma ya DDNS: unashika jina, na ruta inatoa taarifa kila namba inapobadilika.

Ukikuta ni CGNAT

Acha kuhangaika na poti. Una njia tatu. Unaweza kuiomba kampuni anwani ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa zaidi. Unaweza kuuliza kama wanatoa IPv6, mfumo ambao idadi ya anwani zake ni namba ya tarakimu 39, ingawa na wewe huko uliko lazima uwe nayo.

Ya tatu ndiyo rahisi kwa wengi: badala ya wewe kubisha, nyumba ndiyo ianze kupiga simu. Unaweka kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya VPN kama Tailscale. Inatoka yenyewe kwenda nje, na wewe unakutana nayo huko. Mawasiliano yaliyoanzia ndani hayazuiliwi. Programu nyingi zinazokuja na kamera hufanya hivyo hivyo kupitia seva za mtengenezaji. Tofauti ni kwamba hapo unamtegemea yeye kulinda picha za nyumbani kwenu.

Na hata kama anwani ni yenu, bado nashauri VPN. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta zilizoachwa wazi. Oktoba mwaka huo kamera za watu wa kawaida zilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa watu wengi Marekani walishindwa kufungua Twitter na Netflix. Wenye kamera hawakujua. Kwa hiyo badilisha nywila leo, hata kabla ya hatua ya kwanza.

Halafu mjibu bi mkubwa. Ukumbini kwake ndiko anakokaa bila ushungi na majirani zake wanawake. Mlango ukiachwa wazi, anayeonekana na dunia ni yeye, si wewe uliyefunga kamera. Muulize kama anaitaka. Akikubali, muulize pia aitazame wapi. Huenda mlango wa mbele unatosha.