Magitaa ya akina Kinyonga

Anayesafiri kutoka Tanga kwenda Arusha huiona Milima ya Upare mkono wake wa kulia. Anapita Hedaru, Makanya, kisha Same, chini mkonge na juu migomba. Reli ilifuata njia hiyohiyo, ikafika Arusha mwaka 1929. Ukanda huu umesafirisha mkonge, kahawa na watu. Umesafirisha pia muziki, kwani magitaa yaliyokuja kutikisa Nairobi yalianzia Tanga, yakahamia Arusha kabla ya kuvuka mpaka.

Wenye magitaa hayo walikuwa ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, wote waimbaji na wapiga gitaa. Mwaka 1966 walijiunga na Jamhuri Jazz ya Tanga, mji uliokuwa pia na Atomic Jazz, bendi nyingine yenye jina kubwa. Miaka hiyo vijana wa Uingereza na Marekani walilitumia gitaa la umeme kupigia roki. Huku kwetu gitaa hilohilo lilipigiwa rumba: besi inashika chini, rithimu inasuka katikati, solo inajibizana na mwimbaji.

Mwaka 1970 walikwenda Arusha, na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, na huko ikazaliwa Simba Wanyika.

Kwa nini Kenya? Tanzania bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na taasisi, vyombo vikiwa vya mwajiri, na nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Kenya ilikuwa na kampuni za kurekodi na kuuza, ikiwamo Polygram, iliyotoa albamu yao ya kwanza, Jiburudisheni na Simba Wanyika. Mwaka 1975 bendi ikahamia Nairobi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi 1983. Kwa Wilaya ya Same, inayopakana na Kenya upande wa Mkomazi, jambo hilo halikuwa habari ya mbali. Wanamuziki wa Kitanzania waliokuwa Nairobi walijikuta upande wa pili wa mpaka uliofungwa, wakiimba Kiswahili cha kwao.

Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1978, Simba Wanyika iligawanyika. Mpiga gitaa la rithimu Omar Shabani, maarufu kama Profesa Omari, aliondoka pamoja na mpiga besi Tom Malanga na wengine, wakaunda Les Wanyika. John Ngereza akashika solo na kuimba. Muda si mrefu wakatoa Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo ukipigwa harusini wazee huinuka.

Usikilize wimbo huo kwa makini. Mwendo haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Besi inapiga noti chache, nzito, zenye nafasi kati yake. Rithimu inarudia msuko uleule bila kuchoka wala kupanda sauti, na solo inaingia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Hakuna anayegombania nafasi ya mwenzake. Ufundi wa Profesa Omari umo hapo: mtu huondoka akikumbuka solo na maneno, lakini kilichomchezesha ni rithimu.

Akina Kinyonga hawakufa moyo. Waliijenga Simba Wanyika upya, wakaendelea kurekodi, na muziki wao ukafika Ulaya. George alifariki mwaka 1992. Wilson alimfuata mwaka 1995, na bendi ikaishia hapo.

Muziki huu huhesabiwa kuwa wa Kenya kwa sababu ulirekodiwa Kenya, lakini mizizi yake iko Tanga, na hiyo ni sehemu ya historia yetu inayostahili kuandikwa. Lebo za santuri za zamani mara nyingi hutaja bendi na mtunzi tu. Mpiga rithimu na mpiga besi hawamo. Kama nyumbani kwenu Same, Mwanga au Korogwe kuna santuri za namna hiyo, usizitupe. Kaa na mzee aliyezicheza, muulize nani alipiga gitaa gani, na uyaandike majina hayo leo.