Bastola ya kale ndani ya nyumba yenye watoto

NI chuma cha zaidi ya miaka 140. Mpini wa mbao umechakaa, rangi yake ya bluu imebaki madoa tu, lakini wapo watu Marekani wanaoilipia maelfu ya dola. Sharti lao kubwa ni kwamba iwe haijaguswa.

Ni bastola ya silinda aina ya Colt, toleo la mwaka 1873, iliyobebwa na askari wa farasi wa Jeshi la Marekani. Mtutu una urefu wa inchi saba na nusu, silinda inabeba risasi sita, na kwenye mpini kuna mhuri wa mkaguzi wa jeshi. Mkusanyaji huanza na namba: za kwenye fremu, silinda na mtutu zinalingana? Miaka ya 1890 jeshi lilianza kukata mitutu ya bastola hizi hadi inchi tano na nusu, na zilipounganishwa upya vipuri vikachanganyika. Iliyosalia na mtutu wake mrefu na namba zake zote ni adimu. Ukiisugua ing'ae au ukaipaka rangi mpya, umeshusha bei mwenyewe.

Utauliza, mambo haya yanaingiaje kwenye ukurasa wa familia?

Yanaingia kwa sababu ya hilo neno "haijaguswa". Bastola iliyozibwa mtutu ni pambo tu. Inayotafutwa ni ile nzima, na nzima maana yake mara nyingi bado inaweza kuua. Tena sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na masharti mengi ya ununuzi ya serikali kuu hayaihusu, ingawa majimbo yana sheria zake. Ndugu zetu wengi wanaishi huko, na watoto wao wanakwenda kucheza kwa marafiki wa shule. Mwaka 2020, silaha za moto zilikuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 nchini humo.

Uzee wa bastola hii unaongeza hatari. Haina kinga za usalama za silaha za kisasa. Nyundo ikiwa imelala, ncha yake inakaa juu ya kitako cha risasi, hivyo ikidondoka sakafuni inaweza kufyatuka bila mtu kugusa kifyatulio. Ndiyo maana wazoefu walipakia risasi tano na kuacha tundu la chini ya nyundo likiwa tupu. Risasi za kipimo chake bado zinauzwa madukani, na zile zenye baruti ya kisasa zinaweza kupasua chuma kilichotengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani.

Hatari nyingine haina kishindo. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa kinachofyatuliwa na kwa madini yenyewe. Wakusanyaji wengi huweka bastola pamoja na risasi za enzi zake, na risasi zilizokaa miaka mingi kwenye droo huota unga mweupe. Unga huo ni sumu. Mtoto anashika, kisha anatia kidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumia zaidi. Unga huo usifagiliwe wala kupulizwa. Upanguswe kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kitupwe, na mikono inawiwe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, kinashauri silaha iwe tupu na imefungiwa kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Fremu ya kioo ukutani sebuleni si kufuli.

Chama hicho pia kinawataka wazazi waulize kabla mtoto hajaenda kucheza nyumba ya watu. Wengi wetu tunaona aibu, tunahisi ni kama kumpekua mwenyeji. Uliza pamoja na yale mengine unayouliza, kama mbwa na bwawa la kuogelea: kuna silaha hapo, hata ya mapambo, na imefungiwa wapi? Ukijibiwa kwamba ni ya kale tu, uliza na risasi zake ziko wapi. Jibu lisipokuridhisha, mwalike mtoto wao aje kucheza kwako.