Bofulo la Jana

Juma hili hatuandiki juu ya mahari wala mirathi. Tunaandika juu ya bofulo.

Katika nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Shela ya Malindi hadi Takaungu, samaki wa kupaka aliyebaki usiku hatupwi. Asubuhi huchambuliwa miba, akavurugwa kwa vidole pamoja na lile tui lililomgandia, akakamuliwa ndimu, akatiwa kitunguu kilichokatwa chembamba na pilipili mbichi. Bofulo la jana hupasuliwa kati, likababuliwa kidogo juu ya makaa mpaka ngozi yake ikauke, kisha samaki akatiwa ndani. Siagi haihitajiki, tui limekwisha kuifanya kazi hiyo. Miezi ya kusi, bahari inapochafuka na samaki kuadimika, hutiwa mbaazi za nazi zilizobaki, au kimanda cha yai moja kilichozidishwa kwa kitunguu, na juu yake achari ya embe iliyowekwa tangu kaskazi. Wataliano wa Malindi wana mkate wao wa namna hii, panini, nao watu huulipia fedha nzuri. Wa kwetu hauna hata jina, na labda ndiyo sababu hauheshimiwi.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuwa chakula kikubwa cha watu wake ni ndizi na samaki. Bofulo limekuja baadaye. Samaki ni yuleyule.

Mwezi uliopita mjukuu wetu alirudi kutoka shuleni na mkate wake kama alivyoondoka nao, umepondeka chini ya vitabu. Wenzake walimcheka kwamba ananuka samaki. Tulimketisha barazani tukamsomea darsa refu juu ya kushukuru neema. Bibi yake alikuwa akichagua mchele. Alingoja tumalize, kisha akasema kwa upole, "Sheikh, na ile sahani ya juzi?"

Hakuongeza neno. Juzi hiyo tulirudi kutoka nikahi Kilifi baada ya Isha, tumbo bado lina biriani, tukawekewa bofulo hilohilo. Tulisema, "Leo tena?" tukaisukuma sahani. Maneno mawili tu. Yeye alikuwa amengoja ale pamoja nasi, na usiku ule hakula.

Hadithi ya siki tumeisomesha miaka mingi. Imo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Jabir: Mtume (S.A.W.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki, akaiagiza, akawa anaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Wanafunzi tumekuwa tukiwaonyesha unyenyekevu wake. Hatukuwahi kuwaonyesha kwamba sifa ile aliitamka kwa sauti, na waliomletea siki waliisikia.

Tuliomba radhi, kwanza kwa bibi, kisha kwa mtoto. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, tuliingia jikoni sisi wenyewe. Kumchambua changu miba ni elimu ambayo chuoni hatukusomeshwa. Mjukuu alikuta miba miwili katika tonge la kwanza, akacheka mpaka chai ikamwagika. Siku hizi shuleni hubeba wa kimanda, ambao haunuki. Wa samaki huula nyumbani kabla ya kuondoka. Hatumlazimishi. Mtoto ana dunia yake huko, na sisi wazee tulikuwa na aibu zetu tukiwa na umri kama wake.

Bibi yake naye alionja mkono wetu. Akanyamaza kidogo, akasema ndimu imezidi. Ni kweli, ilizidi. Tukamwambia yake huwa haizidi, na kwamba miaka yote hii tumekuwa tukiila tukiona raha bila ya kumwambia. Alitazama upande wa dirishani, akakung'uta makombo kwenye kanga yake, akauliza kama jioni tutapita kwa wavuvi, maana changu wamekwisha.