Jua Linapowasha Taa za Boti

Akina mama wenzetu, jioni moja tulikuwa tukirudi Mwanza kutoka matembezini ziwani, pamoja na watoto, betri ikatuzimikia. Taa hakuna! Mitumbwi ya wavuvi ilipita karibu bila kutuona. Tuliimba kwa sauti na kupiga makofi mpaka tukafika nchi kavu, tusije tukagongwa.

Ndipo tukachanga tukafunga paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa la boti. Fundi aliiweka chini ya mlingoti wa bendera, na kile kivuli chembamba kikapunguza umeme sana. Tukaihamisha. Jua likiwa zuri tunapata kama wati-saa 400 kwa siku; taa ya wati 5 ikiwaka saa sita hutumia 30 tu.

Kilichotushtua sisi wauguzi ni betri. Ilifungiwa kwenye sanduku lisilo na tundu, chini ya benchi la watoto! Betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Tulitoboa sanduku upande wa juu, tukaweka fyuzi karibu na ncha ya chanya, na kidhibiti chaji kati ya paneli na betri. Kando yake kuna dumu la maji safi. Asidi ikimrukia mtoto jichoni, mshike kope wazi, mwoshe papo hapo kwa dakika 20 zisizopungua, kisha hospitali.

Jumamosi iliyopita tulirudi saa mbili usiku. Mvuvi mmoja alituona kwa mbali, akatupisha.